Hatua Tatu Nyuma

Asubuhi ya kuondoka kwake, Cresensia hakumpa mtu mkono. Majirani wa Rhotia walijaa uani tangu umande haujakauka, wengine na mayai, mmoja na kipande cha sabuni ya kufulia ambacho mwaka ule wa themanini na nne hakikuwa zawadi ndogo. Yeye alisimama karibu na mlango wa zizi, mikono ameificha ndani ya shuka, akawaitikia kwa kichwa.

"Ameanza kuringa kabla hajapanda ndege," alisema Naftali, jirani wa ng'ambo ya shamba, na watu wakacheka. "Akirudi huyu tutamwamkia kwa Kiingereza."

"Kwa Kihindi," mwingine akamsahihisha. "Anakwenda Bombei, siyo Ulaya."

Patrisi, mumewe, alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaingia ndani haraka akisema anatafuta kamba ya kufungia mzigo. Cresensia akamfuata.

Ndani kulikuwa na moshi na ukimya. Nyuma ya pazia alilala Marsela, mke wa mwana wao mkubwa Martini. Majirani waliambiwa ana malaria. Ukweli ni kwamba Jumapili ya wiki iliyopita, tarehe nne Novemba, mimba yake ya miezi mitano ilitoka. Cresensia ndiye aliyeipokea kwa mikono yake, na ndiye aliyeizika nyuma ya nyumba kabla jua halijachomoza.

Kwa Wairaqw, nyumba iliyopatwa na jambo hilo huingia kwenye metimani. Watu wake hujitenga kwa miezi. Hawashiki mikono ya wengine, hawali chungu kimoja nao, hawaendi kisimani pamoja nao, maana kilichowapata huambukiza msiba. Padri alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya kale. Watu waliitikia amina, kisha wakaendelea kujitenga.

"Mama Martini," Patrisi alisema kwa sauti ya chini, "hakuna aliyeona ila sisi wanne."

"Nimeona mimi."

"Sikiliza. Dereva wa misheni ni Mwiraqw kama sisi. Nikitangaza metimani sasa hivi, atakupakia?"

"Hatanipakia."

"Na telegramu ilisemaje?"

Cresensia aliijua kwa moyo. Valeriani, mwanawe wa mwisho aliyekuwa akisomea uhandisi India, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Damu ya mama yake ilipimwa, ikalingana na yake. Hospitali ilimwekea nafasi kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka Ijumaa tarehe kumi na sita. Mama akiwa amefika, Jumamosi wangempasua, watoe figo moja wampe mwanawe. Asipokuwepo, nafasi ingekwenda kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa akingoja.

"Siogopi kisu," alisema. "Naogopa kitu kimoja. Watachukua kitu cha ndani yangu mimi, wakiweke ndani ya mtoto. Na hii metimani? Si itaingia pamoja nacho?"

Patrisi aliinama akaokota kamba, ingawa mzigo ulikuwa umeshafungwa.

"Nenda," alisema. "Ukikaa, anakufa."

* * *

Ndege ilitua Bombei Jumatano asubuhi. Tangu Dar es Salaam Cresensia alikuwa amejibana dirishani ili kiwiko chake kisimguse jirani yake. Chakula alikikataa. Chai aliikataa. Alikunywa maji ya chupa yake mwenyewe, na yalipokwisha, akakaa na kiu.

Padri alikuwa amemfundisha mambo matatu. La kwanza, wanakokwenda watu wote, aende. La pili, pasipoti ampe mtu aliyekaa nyuma ya kioo. La tatu, ile kadi ya manjano ya chanjo, aliyochanjwa mwezi wa kumi, asiitoe ovyo ikapotea, amwonyeshe daktari. Kadi aliifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na rozari, akaisokotea kiunoni.

Basi akawafuata watu, lakini hatua tatu nyuma yao.

Ukumbi ulikuwa na watu wengi kuliko mnada wa Karatu, na hapakuwa na ng'ombe wala mbuzi wa kuonyesha kwamba watu hao wamekuja kufanya nini. Sauti ya mwanamke ilitoka darini, ikasema maneno, ikanyamaza, ikayarudia. Watoto walilia. Mistari ilikuwa mingi, nayo ilipinda kama kamba iliyotupwa. Cresensia alisimama kwenye mmoja, akaacha nafasi mbele yake, kama mtu wa metimani anavyopaswa kuacha.

Mwanamume mwenye sanduku akaingia kwenye nafasi ile. Cresensia akarudi nyuma, akaacha nyingine. Ikaingia familia ya watu sita. Kila alipoacha nafasi, nafasi ikaliwa. Karani mmoja alimpigia kelele akimwonyesha kwa mkono asogee. Alisogea hatua moja, akasimama. Nyuma yake kigari cha mizigo kikamgonga visigino, na mwenye kigari akamtazama kama gogo lililoanguka njiani.

"Samahani," alisema. "Pita wewe. Pita tu."

Kulikuwa na viti. Hakukaa. Kulikuwa na bomba la maji ya kunywa lenye kikombe kilichofungwa kwa mnyororo. Alikitazama kikombe kile kwa muda mrefu, akameza mate. Watu mia wangekinywea baada yake.

Baada ya saa mbili alikuwa wa mwisho. Na kwa muda wote huo, kwenye meza iliyokuwa pembeni, mtu mmoja mwenye nguo za kaki alikuwa akimtazama: mama mzee anatoka jasho, hakai, hanywi, na kila anaposogelewa anaruka kando. Yule bwana akasimama. Alimwita kwa kidole. Cresensia alipofika, alisimama mbali, na bwana akasema maneno ambayo hakuyaelewa.

Bwana yule akageuka, akamkamata abiria mmoja aliyekuwa akipita na maboksi, mfanyabiashara wa Dar.

"Mama, wewe Mtanzania?" mfanyabiashara aliuliza huku macho yakiwa kwenye maboksi yake. "Huyu bwana anauliza mbona unajitenga na watu. Unaumwa?"

"Siumwi, baba."

"Anauliza, nyumbani kwako kuna ugonjwa? Kuna mtu amekufa karibuni?"

Kwa siku kumi hakuna aliyemwuliza. Padri hakuuliza, majirani hawakuuliza, dereva alimwimbia nyimbo za kanisani njia nzima mpaka uwanjani. Na sasa mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, alikuwa amemsoma usoni.

"Yuko," alisema. "Amefia nyumbani mwangu. Nilimshika kwa mikono hii. Mwambie asinisogelee."

Mfanyabiashara alirudi nyuma hatua moja. "Amekufa kwa nini?"

"Hayo hayasemwi mbele ya wanaume."

Mfanyabiashara akatafsiri kwa maneno matatu au manne. Uso wa bwana wa kaki ulibadilika. Akauliza swali jingine, refu, akigonga kwa kalamu kadi ya manjano iliyokuwa mezani kwake kama mfano. Lakini maboksi ya mfanyabiashara yalikuwa yameanza kuchukuliwa na wapagazi.

"Mama, mizigo yangu inapotea. Wewe fuata tu anachosema." Akakimbia.

Swali lilibaki hewani. Cresensia aliinamisha kichwa.

Walimpeleka kwa gari dogo mpaka kwenye jengo upande wa pili wa uwanja. Mtu mwenye glavu alifungua mzigo wake, akatoa unga wa mahindi, akatoa chupa ya asali ya Mbulumbulu, akaviweka kando kama vitu vilivyookotwa jalalani. Chumba kilikuwa na kitanda, wavu dirishani na bomba la maji. Yule bwana wa kaki alimwonyesha vidole sita, kisha akaelekeza kidole kwenye jua na kuuzungusha mkono. Siku sita.

Kwao Rhotia ingekuwa miezi. Cresensia aliona kwamba hawa ni watu wenye huruma.

Kuhusu Ijumaa, aliwaza hivi: serikali ni moja. Huyu wa kaki na yule daktari wa hospitali lazima ni wa nyumba moja. Wamejua hali yake, wameambiana, na watamngojea mpaka atakate. Mlango ukafungwa kwa nje.

* * *

Nje ya ukumbi, Kisioki, rafiki wa Valeriani, alisimama akimngoja Cresensia tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Alikuwa kijana wa Kakesio aliyesomea udaktari wa mifugo katika mji uleule, na alikuwa amezoea kusimama kutwa nzima bila kuchoka. Aliuliza dirisha hili, akaelekezwa lile. Aliambiwa abiria wote wameshatoka.

Hospitalini, Valeriani alikuwa amevimba uso, na ngozi yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alimwona Kisioki akiingia peke yake.

"Hakuja?"

"Labda ndege ya kesho. Ndege za kwetu unazijua."

"Mama yangu hajawahi kuchelewa hata misa ya asubuhi."

Daktari alipita, akasikiliza habari, akaitazama kalenda ya ukutani, akaondoka bila kusema neno. Hilo liliwatia hofu wote wawili kuliko kama angesema.

* * *

Telegramu ya Kisioki ilifika Karatu Ijumaa asubuhi. Karani wa posta aliisoma kwa sauti, maana ndivyo alivyozoea, na watu waliokuwa kwenye mstari wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Mama hajafika. Yuko wapi." Akaigeuza karatasi kuona kama kuna zaidi. "Basi. Weka sahihi hapa, mzee."

Patrisi aliweka sahihi. Nyuma yake mtu alinong'ona kwamba huyo ndiye aliyempandisha mkewe ndege wakati hata basi la Arusha hajalizoea. Naftali alikuwa amekuja kutafuta sukari ya mgao kwenye duka la kaya, akakosa. Walitembea pamoja kurudi Rhotia, na kwenye mteremko Naftali alinyoosha mkono ili amshike bega.

"Usinishike," Patrisi alisema.

"Una nini, jirani? Atapatikana. Mtu hapotei kama sindano."

"Tuko kwenye metimani. Tangu Jumapili ile ya tarehe nne. Ni mimba ya Marsela. Nilificha."

Naftali alisimama katikati ya njia. Alitazama mkono wake, kana kwamba ulikuwa umeshagusa.

"Nimekula kwako Jumatatu," alisema polepole. "Nilikaa kwenye kigoda chako. Mke wangu ana mimba, Patrisi."

"Najua."

"Unajua! Ulijua nikicheka pale uani?"

"Nilijua."

Naftali hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana. Aliacha njia, akakata katikati ya shamba la maharage la mtu mwingine, akaenda kwake akiwa ameitenga mikono yake mbali na mwili. Patrisi alibaki na telegramu. Kwa mara ya kwanza tangu jambo lile litokee alisema kwa sauti, peke yake njiani, kwamba amemwua mke wake na mtoto pamoja.

* * *

Asubuhi ileile ya Ijumaa, mwanamke wa makamo aliyeleta chakula kwenye nyumba ya karantini alisimama mlangoni na sinia mkononi. Kwa siku mbili aliyeleta alikuwa mwanamume, naye aliweka sinia chini na kuondoka. Huyu alisikia Salamu Maria ikisaliwa kwa Kiswahili.

"Wewe mama!" alisema. "Wewe umetoka wapi?"

Cresensia alishtuka kitandani kama aliyesikia mzimu. "Rhotia. Karatu."

"Karatu! Mimi mtoto wa Mbulu! Duka la baba yangu lilikuwa hapo chini ya boma, la khanga na mafuta ya taa. Naitwa Kusum. Tuliondoka mwaka wa sabini na mbili. Mama yangu mpaka leo analilia mvua ya kule." Akavuka kizingiti.

"Usinisogelee, mwanangu!"

"Mbona? Unaumwa hiyo homa?"

"Homa gani? Siumwi homa."

"Sasa humu unafanya nini? Humu wanawekwa watu wanaotoka penye homa ya manjano. Au wale hawana kadi."

Cresensia alimtazama. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenzake na kwa kuwa alisema jina la Mbulu, akamweleza yote: Marsela, kaburi dogo nyuma ya nyumba, metimani, Valeriani, mashine, Ijumaa. Kusum aliliweka sinia chini.

"Na kadi huna?"

Cresensia akafungua ncha ya kanga. Kadi ilikuwa imelowa jasho, lakini muhuri ulisomeka. "Padri alisema nimwonyeshe daktari."

"Na yule wa nguo ya kaki ulidhani nani?"

"Polisi."

Kusum alijipiga paji la uso. "Mama, yule ndiye daktari! Haya, inuka. Nampelekea kadi hii sasa hivi, namweleza ni mimba, siyo homa. Saa hii utakuwa nje."

Cresensia hakuinuka.

"Sitoki," alisema. "Siku zangu hazijaisha. Hata za hapa nimepewa sita."

"Sita za homa! Homa ambayo huna!"

"Wewe huelewi. Nikitoka leo nitakwenda nayo mpaka kitandani kwake. Nitaiweka ndani yake."

"Na usipokwenda?"

Cresensia alifunika uso kwa mikono.

Ndege ilipaa karibu sana, wavu wa dirisha ukatetemeka. Kusum alingoja kelele ipite. Kisha akakaa sakafuni palepale kizingitini, akakunja sari yake chini ya magoti.

"Mimba yangu ya pili ilitoka tukiwa Mbulu," alisema. "Mama mkwe alinifungia chumba cha uani. Sikugusa jiko, sikugusa maji ya watu. Majirani wa Kiiraqw peke yao ndio hawakutushangaa. Kwetu wengine huhesabu siku kumi, wengine kumi na tatu. Sisi tulihesabu kumi na tatu. Siku ya mwisho unaoga, kichwa mpaka miguu, imekwisha. Wewe yako ilikuwa lini?"

"Jumapili, tarehe nne."

Kusum alihesabu kwa vidole, akitumia kila pingili. Alifika mwisho, akahesabu tena.

"Leo ni kumi na tatu."

"Hiyo ni hesabu ya kwenu."

"Na wewe uko kwetu sasa. Umelala kwetu. Umekula kwetu." Akatazama sinia ambalo halikuguswa. "Utakula."

"Na kama ni makosa?"

Kusum hakusema kwamba si makosa. Alikuwa mwanamke mkweli, na mimba yake ya tatu nayo ilikuwa imetoka. "Sijui, mama," alisema. "Ninachojua ni kwamba leo ni Ijumaa."

Akachukua kadi, akaondoka mbio, viatu vyake vikilia kwenye korido. Mlango aliuacha wazi.

Cresensia alikaa akiutazama mlango ule. Hakuna aliyekuja kuufunga. Mwishowe akafungua mfuko wake, akatoa kile kipande cha sabuni ya kufulia alichopewa Rhotia, akaenda bombani, akavua kitambaa cha kichwa. Aliosha nywele zake zenye mvi, aliosha mikono mpaka viwiko, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu mpaka ngozi ikawasha. Sabuni iliisha mikononi mwake.

* * *

Daktari wa kaki aliikubali kadi, na Cresensia na Kusum wakafika hospitali jua likiwa linazama. Kisioki alikuwa koridoni akibishana na muuguzi, kwa sababu jina la mgonjwa mwingine lilikuwa limeshaandikwa kwa chaki ubaoni chini ya jina la Valeriani. Alipomwona mama mwenye kanga ya Tanzania akija na mwanamke wa Kihindi, aliinamisha kichwa chake mbele yake ili kimguswe, kama Wamaasai wanavyowaamkia wakubwa wao. Cresensia aliinua mkono. Ukasimama hewani, kisha ukashuka bila kumgusa.

"Bado, mtoto wangu," alisema. "Valeriani kwanza."

Mlango ulifunguliwa. Cresensia alisimama kizingitini. Kitanda kilikuwa mbele yake, mashine pembeni ikinguruma taratibu, na uso ule uliovimba haukuwa na kitu alichokijua isipokuwa macho.

"Aayi," Valeriani alisema, kwa neno lao la kumwita mama.

"Mwanangu."

"Wote hawajambo? Mimba ya Marsela haijambo?"

Angeweza kusema haijambo. Patrisi angesema haijambo.

"Marsela hajambo," alisema. "Mtoto hatukumpata. Ni mimi niliyempokea."

Valeriani alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa nne. Lakini alikuwa mtoto wa Rhotia kwanza. Alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Umekaa siku ngapi?"

"Kumi na tatu. Huko uwanja wa ndege nimekaa tatu za mwisho, nimefungiwa. Leo nimeoga."

"Kwetu ni miezi, Aayi."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama hapa. Nimekuja kukupa kilicho changu, lakini sitakuingizia kwa siri. Wewe ndiye utakayekibeba. Sema wewe."

Daktari alitokea koridoni, akatazama saa yake. Muuguzi akashika chaki. Hawakuelewa neno hata moja, lakini hakuna aliyewakatiza.

Valeriani alijivuta kidogo kitandani, kwa shida, mpaka pembeni pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kukaa.

"Ingia," alisema.

Kati ya kizingiti na kitanda zilikuwa hatua tatu. Cresensia alivuka ya kwanza akimtaja Maria. Alivuka ya pili bila kumtaja yeyote. Kwenye ya tatu alikaa, akatoa mkono ndani ya kanga, akaushika wa mwanawe. Ulikuwa wa baridi kuliko alivyotazamia. Hakuuachia, hata daktari alipoanza kusoma majina ya watakaopasuliwa kesho.